Plagi za Gari: Wakati wa Kuzibadili, Namna ya Kuzibadili na Makosa Yanayoharibu Injini

Taa ya injini inapoanza kuwaka na kuzima kwenye dashibodi wakati gari linapanda mlima Kitonga mkoani Iringa au Sekenke mkoani Singida, madereva wengi huendelea na safari kwa matumaini ya kumwona fundi watakapofika. Injini inatikisika na nguvu imepungua, lakini gari bado linakwenda. Mara nyingi chanzo cha hali hiyo ni plagi iliyochakaa, kipuri kinachoenea kiganjani na ambacho bei yake ni ndogo kuliko ya vipuri vingi vya injini. Kinachofuata ndicho chenye gharama. Petroli ambayo haikuungua ndani ya silinda hutoka pamoja na moshi na kuungulia kwenye kichujio cha moshi, ambacho mafundi hukiita masega. Joto hilo huweza kuyeyusha masega na kuziba njia ya moshi. Koili inayolisha plagi hiyo nayo huharibika kwa kulazimishwa kutoa umeme mwingi kuliko kawaida yake.

Kwa upande mwingine, zipo injini zilizoharibika si kwa sababu plagi zilicheleweshwa, bali kwa sababu zilibadilishwa vibaya. Kichwa cha silinda cha magari mengi ya sasa ni cha alumini, na mkono mmoja wenye haraka unatosha kuharibu tundu la plagi. Kwa sababu hiyo mmiliki wa gari anahitaji kufahamu mambo mawili: muda sahihi wa kubadili plagi za gari lake, na namna kazi hiyo inavyopaswa kufanyika, hata kama atakayeifanya ni fundi.

Kazi ya plagi

Plagi za cheche zipo kwenye injini zinazotumia petroli au gesi. Injini ya dizeli huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, hivyo magari kama Toyota Land Cruiser "hardtop" yenye injini ya 1HZ hayana plagi za aina hii. Yanayo hita plagi, ambazo kazi yake ni kupasha joto chumba cha kuunguzia mafuta kabla injini haijawaka. Maelezo yanayofuata hayahusu hita plagi.

Katika injini ya petroli, koili hupokea umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri na kuupandisha hadi maelfu ya volti, kwa kawaida kati ya 12,000 na 25,000. Umeme huo hushuka katikati ya plagi, ukizuiwa kutoroka na kauri nyeupe inayoizunguka, hadi kwenye ncha. Hapo huruka mwanya mdogo, ambao kwa magari mengi ya sasa ni milimita 1.0 hadi 1.1, na kutua kwenye ncha ya pili iliyopindwa. Mruko huo ndio cheche inayowasha mchanganyiko wa hewa na petroli. Umbo la kifaa hiki halijabadilika sana tangu mwaka 1902, wakati mhandisi Gottlob Honold wa karakana ya Robert Bosch mjini Stuttgart, Ujerumani, alipokamilisha mfumo wa magneto ya volti kubwa na plagi yake. Kilichobadilika ni madini ya kwenye ncha.

Ukubwa wa kazi hiyo unaonekana kwa hesabu nyepesi. Injini ya mipigo minne inapozunguka mara 2,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 1,000 kwa dakika. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, hiyo ni sawa na cheche 1,000 kwa kila kilomita. Plagi iliyotembea kilomita 30,000 kwa kiwango hicho imetoa cheche zipatazo milioni 30. Kila cheche huondoka na chembe ndogo mno ya madini, ncha hupungua na kuwa ya mviringo, na mwanya hupanuka. Mwanya ukipanuka, umeme unaohitajika kuuruka huongezeka, na mzigo huo huibeba koili.

Muda wa kubadili

Jibu la kwanza hutoka kwenye kitabu cha gari, na linategemea aina ya plagi. Plagi za kawaida zenye ncha ya nikeli, ambazo watu wengi huziita plagi za kopa kwa sababu ya shaba iliyo ndani yake, hubadilishwa kwa kawaida kati ya kilomita 20,000 na 40,000. Plagi zenye ncha ya platinamu au iridiamu hudumu zaidi, na watengenezaji wengi wa magari huzipangia hadi kilomita 100,000. Tofauti hiyo inatokana na ugumu wa madini yenyewe: nikeli huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,455 za Selsiasi, platinamu 1,768 na iridiamu 2,446. Kwa kuwa iridiamu ni sugu, ncha yake hutengenezwa ikiwa nyembamba kama sindano, na cheche hupatikana kwa umeme mdogo zaidi. Hata hivyo, si kila plagi inayouzwa kwa jina la iridiamu ina umri huo. Baadhi zina iridiamu kwenye ncha ya kati pekee huku ncha iliyopindwa ikiwa ya nikeli, na hizo huchakaa mapema zaidi.

Kwa Tanzania jibu hilo la kitabu lina upungufu. Magari mengi madogo huingia nchini yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na kumbukumbu zake za matengenezo aidha hazipo au zimeandikwa kwa Kijapani. Mnunuzi wa Toyota IST yenye kilomita 80,000 kwenye kioo hana njia ya kujua kama plagi zilizomo ni za kiwandani au zilibadilishwa mwaka uliotangulia. Njia ya uhakika ni kuzifungua mara baada ya kulipokea gari, kusoma namba zilizoandikwa kwenye kauri na kuangalia hali ya ncha. Kazi hiyo kwa gari la silinda nne huchukua chini ya saa moja, na humwondolea mwenye gari miaka ya kukisia.

Upungufu wa pili ni foleni. Kilomita hazihesabu muda ambao gari limesimama likiwa linanguruma. Injini inayozunguka mara 700 kwa dakika ikiwa imesimama kwa saa moja katika foleni ya Barabara ya Morogoro hutoa cheche 21,000 kwa kila plagi, na kilomita inayoandikwa ni sifuri. Zaidi ya hayo, katika mwendo huo ncha ya plagi haipati joto la kutosha kujisafisha. Kwa madereva wa teksi na wa usafiri wa kuitwa kwa simu jijini Dar es Salaam, ni busara kukagua plagi mapema kuliko kitabu kinavyoelekeza.

Kundi la tatu ni la magari na bajaji zilizofungwa mfumo wa gesi asilia iliyoshindiliwa, maarufu kama CNG. Gesi hiyo ni nafuu na huacha masizi machache, lakini huhitaji umeme mkubwa zaidi ili iwake, na joto lake kwenye ncha ni kali. Plagi iliyodumu kilomita 30,000 kwa petroli haitarajiwi kufika hapo kwa gesi. Mara nyingi mafundi wa mifumo hii hupunguza mwanya wa plagi ili koili isizidiwe. Mwenye gari anayebadilisha mfumo, iwe katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) au katika karakana nyingine, aulize siku hiyohiyo ni plagi za namba gani zitumike na zikaguliwe baada ya kilomita ngapi. Dereva anayelalamika kuwa gesi imeharibu gari lake, wakati mwingine shida yake ni plagi za zamani alizoendelea nazo.

Dalili zisizosubiri kilomita

Plagi iliyochoka hujitangaza. Injini hukataa kuwaka haraka asubuhi, hutikisika gari likiwa limesimama, hukosa mpigo mmoja mmoja, hali ambayo mafundi huiita kumisi, na hukosa nguvu kwenye mwinuko. Matumizi ya mafuta huongezeka kidogo kidogo, na kwa dereva anayefuatilia bei kikomo ambazo EWURA hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ongezeko hilo huweza kudhaniwa kuwa ni la bei ya mafuta pekee.

Taa ya injini ina lugha mbili. Ikiwaka bila kuzima, gari lipelekwe kupimwa mapema. Ikiwaka na kuzima mfululizo, maana yake ni kwamba injini inamisi kwa kiwango kinachoweza kuharibu masega, na dereva anapaswa kupunguza mwendo, kuepuka kukanyaga mafuta kwa nguvu na kusimama mahali salama mapema iwezekanavyo. Gari likipimwa kwa kompyuta, namba P0300 huonesha kuwa kumisi kunatokea kwenye silinda zaidi ya moja bila mpangilio, wakati P0301 hutaja silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea.

Namba hizo hutaja silinda, hazitaji kipuri. Kosa linaweza kuwa la plagi, koili, waya, nozeli au hata vali. Kipimo rahisi ni kuhamisha koili ya silinda yenye kasoro kwenda silinda nyingine na kupima tena. Kasoro ikihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, uchunguzi uendelee kwenye plagi. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na fundi anayekiruka na kuagiza koili nne mpya kwa mkupuo anastahili kuulizwa sababu.

Ipo njia nyingine ya mitaani ambayo haifai kabisa: kuchomoa waya wa plagi mmoja baada ya mwingine injini ikiwa inanguruma, ili kusikiliza ni silinda ipi imekufa. Umeme wa plagi unaweza kumrusha mtu akaangukia feni au mkanda unaozunguka, na kwa mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo unaweza kuhatarisha maisha. Umeme huo ukikosa pa kwenda, huunguza koili au kontroli boksi.

Plagi ya zamani inavyosomwa

Kabla ya kutupa plagi zilizofunguliwa, zipangwe mezani kwa utaratibu wa silinda zilikotoka. Plagi ndiyo sehemu pekee ya chumba cha kuunguzia mafuta inayoweza kutolewa nje kwa dakika chache ikatazamwa kwa macho, na fundi mzoefu hujifunza mengi hapo.

Ncha yenye rangi ya kijivu au kahawia hafifu, iliyo kavu, ni ya injini yenye afya. Hapo kinachoangaliwa ni uchakavu na mwanya tu. Masizi meusi makavu huashiria kuwa petroli ni nyingi kuliko hewa, na mahali pa kuanzia ni kichujio cha hewa, hasa kwa magari yanayopita barabara za vumbi. Safari fupi za kila siku, ambazo injini haipati muda wa kupata moto, nazo huleta masizi hayohayo. Ncha iliyolowa petroli ni ya plagi isiyochoma kabisa.

Oili ina habari mbili tofauti, na kuzichanganya kumewagharimu wengi. Oili inapoonekana kwenye ncha, yaani upande ulioingia ndani ya silinda, imepita kwenye ringi za pistoni au sili za vali, na hiyo ni kazi kubwa. Oili inapoonekana upande wa juu, imeizunguka kauri na mpira wa koili, imetoka kwenye tapeti kava ambayo gasketi yake imekakamaa. Hiyo ni gasketi ya kubadilisha tu. Wapo wenye magari walioambiwa kuwa injini imekwisha kwa sababu ya oili ya aina hii ya pili.

Kauri nyeupe sana yenye vipele au ncha iliyoanza kuyeyuka ni onyo zito: injini inapata joto kupita kiasi, mchanganyiko una hewa nyingi mno, au plagi iliyofungwa si ya kiwango chake cha joto. Kauri iliyovunjika upande wa ndani mara nyingi hutokana na injini kugonga, na mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa ni miongoni mwa vyanzo vya kugonga huko. Utando mwekundu kama kutu hutokana na baadhi ya viongeza vya mafuta. Ama duara la kahawia linaloonekana kwenye kauri kwa nje, juu kidogo ya sehemu ya chuma, halina madhara. Ni chembe za vumbi na oili zilizovutwa na umeme mkubwa, wala si dalili ya gesi kuvuja.

Kuchagua plagi mpya

Namba iliyoandikwa kwenye plagi si urembo. Hutaja kipenyo na urefu wa sehemu yenye hesi, aina ya ncha, na kiwango cha joto, yaani kasi ambayo plagi hupeleka joto lake kwenye kichwa cha silinda. Ncha inahitaji kufika takribani nyuzi joto 450 ili iunguze masizi yake yenyewe, lakini ikivuka sana 850 huanza kuwasha mafuta kabla ya cheche, na pistoni huweza kutoboka. Plagi "baridi" hutoa joto haraka, plagi "moto" hulihifadhi.

Hapa pana mtego. Kwa NGK na Denso, namba kubwa ni plagi baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion, namba kubwa ni plagi moto zaidi. Vilevile mizani ya Denso si ya NGK: 16 ya Denso inakaribiana na 5 ya NGK, na 20 inakaribiana na 6. Kwa hiyo muuzaji anayesema "hizi ni zilezile, kampuni tofauti" aombwe kuonesha jedwali la ulinganisho. Urefu nao haubahatishwi. Plagi ndefu kuliko ilivyotakiwa hugongwa na pistoni, na fupi huacha hesi za ndani zikijaa masizi.

Idadi ihakikiwe kabla ya kwenda dukani. Gari la silinda nne kwa kawaida lina plagi nne, lakini baadhi ya Honda Fit za toleo la kwanza zenye injini ya i-DSI zina nane, mbili kwa kila silinda. Mmiliki asiyejua huuziwa nne, na fundi asiyejua huacha nne za zamani zilizojificha nyuma ya injini.

Plagi bandia zipo sokoni. Maandishi yaliyofifia au yanayofutika kwa kidole, ncha isiyokaa katikati, hesi zenye makwaruzo, na kiduara cha chuma kinachodondoka chenyewe ni dalili za kutilia shaka. Kwa mwenye kipima umeme ipo njia bora zaidi. Plagi za NGK na Denso ambazo namba yake ina herufi R zina kizuizi cha ndani cha takribani omu 5,000. Kipimo kikionesha sifuri, plagi hiyo si kile inachodai kuwa. Mnunuzi adai risiti ya EFD yenye jina la duka na bidhaa, kwani bila risiti malalamiko yake mbele ya Tume ya Ushindani (FCC) au Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hukosa pa kushika.

Namna ya kubadili

Kazi huanza kwa kusubiri. Injini iachwe ipoe kabisa, ikiwezekana usiku kucha, kwa sababu plagi inayofunguliwa kwenye alumini yenye moto huweza kutoka na hesi za tundu lake. Swichi izimwe na ufunguo utolewe. Kwa magari ya haibridi kama Toyota Aqua na Prius, ufunguo upelekwe mbali na gari, maana mfumo ukiwa hai injini huweza kujiwasha yenyewe bila onyo, mikono ya fundi ikiwa ndani.

Vifaa vinavyohitajika ni soketi ya plagi yenye mpira au sumaku ndani, kiungo cha kurefushia, fila geji, na toki renchi, yaani spana inayoonesha nguvu ya kukazia. Magari mengi ya sasa hutumia soketi ya milimita 16; ya zamani 21; na baadhi ya Nissan na BMW mpya hutaka soketi nyembamba ya 14. Soketi isiyo yake huvunja kauri.

Kifuniko cha plastiki kiondolewe, kisha soketi ya waya wa koili ichomolewe kwa kubonyeza kibano chake, si kwa kuvuta waya. Bolti ya koili, ambayo kwa Toyota nyingi ni ya spana namba 10, ifunguliwe, na koili itolewe kwa kuizungusha kidogo huku ikivutwa juu. Kwa magari ya zamani yenye distributa, kila waya uwekwe alama kabla ya kuchomolewa. Mpangilio wa kuwasha wa injini nyingi za silinda nne ni 1-3-4-2, na waya mbili zikibadilishana mahali injini haitawaka vizuri au haitawaka kabisa.

Inafuata hatua inayorukwa kuliko zote: kupuliza shimo la plagi kwa upepo wa kompresa au hata pampu ya mkono, kabla plagi haijalegezwa. Shimo hilo hukusanya vumbi na mchanga kwa miaka. Plagi ikitoka kabla ya kupuliza, mchanga huo huangukia ndani ya silinda na kuanza kukwaruza ukuta wake siku hiyohiyo.

Plagi ilegezwe taratibu. Ikikaza njiani, isilazimishwe. Irudishwe ndani robo mzunguko, iwekwe tone la mafuta ya kulainisha, isubiriwe, kisha ijaribiwe tena. Ni vyema kufungua na kufunga plagi moja kabla ya kwenda nyingine, ili mashimo yasibaki wazi.

Plagi mpya ipimwe mwanya hata kama boksi linasema imepimwa, kwani huenda ilianguka dukani. Ya nikeli hurekebishwa kwa kupinda ncha ya pembeni pekee. Ya iridiamu ina ncha nyembamba inayovunjika kwa kuguswa, hivyo hupimwa kwa kipimo cha waya bila kulazimisha. Mwanya usipolingana na maelekezo, irudishwe dukani. Plagi iliyoanguka sakafuni isifungwe, kwa kuwa ufa wa kauri hauonekani kwa macho.

Kufunga huanza kwa vidole. Plagi iingizwe ikiwa imeshikwa na soketi bila mpini wake, au kipande cha mpira wa petroli kilichovishwa kichwani mwake, na izungushwe kwa mkono mizunguko kadhaa hadi ikae. Mpira una faida moja kubwa: plagi ikiingia upande, mpira huteleza badala ya kulazimisha. Plagi inayokataa vidole haijakaa sawa, na spana haitairekebisha bali itachimba hesi mpya ndani ya alumini. Wengi wa waliowahi kupeleka kichwa cha silinda kwa mchongaji wa vyuma ili tundu la plagi litengenezwe upya walifika huko kwa hatua hii moja.

Kwa plagi nyingi zenye hesi za milimita 14 na kiduara cha chuma, nguvu ya kukazia kwenye kichwa cha alumini ni niutoni mita 25 hadi 30. Zenye milimita 12 ni 15 hadi 20. Na zenye milimita 10 ni 10 hadi 12. Kitabu cha gari kikisema vingine, kifuatwe chenyewe. Pasipo toki renchi, plagi mpya ya milimita 14 ikishakaa kwa vidole huongezwa nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko. Zile zisizo na kiduara, ambazo kitako chake kina umbo la pia, huongezwa takribani sehemu moja ya 16 ya mzunguko tu. Grisi kwenye hesi haihitajiki kwa plagi za sasa zenye mng'ao wa nikeli. Inapopakwa, utelezi wake humfanya fundi akaze kupita kiasi bila kujua.

Koili irudishwe hadi ikae, bolti ikazwe kwa kiasi, na soketi ya waya isukumwe hadi isikike ikibana. Injini iwashwe na isikilizwe kwa dakika chache kabla ya boneti kufungwa. Ikimisi wakati haikuwa ikimisi awali, mara nyingi ni soketi ya koili ambayo haikukaa.

Kazi zisizofaa kufanyiwa nyumbani

Si kila gari linamfaa mmiliki kujaribu. Kwa Toyota Harrier na Kluger zenye injini ya V6, plagi tatu za nyuma zimefunikwa na mfumo wa kuingizia hewa, ambao lazima ufunguliwe kwanza. Subaru zina injini iliyolala, na plagi zake zinatazama pembeni karibu kabisa na bodi. Hapo ni afadhali kutafuta fundi aliyesomea, na pia kuweka plagi za muda mrefu hata kama ni ghali, kwa kuwa gharama kubwa ni ya kufungua. Mafundi waliojifunzia kazi gereji wanaweza kupimwa na kupewa cheti kupitia utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi, na mteja ana haki ya kuuliza kama cheti hicho kipo.

Desturi ya kusafisha plagi za zamani kwa msasa, brashi ya waya au moto wa jiko na kuzirudisha haisaidii. Brashi huacha chembe za chuma kwenye kauri na umeme hupita humo badala ya kuruka mwanya, na msasa huondoa ncha nzima ya iridiamu. Vivyo hivyo, kubadili plagi moja iliyokufa na kuacha tatu zenye umri uleule humrudisha mwenye gari gereji baada ya muda mfupi, isipokuwa pale ambapo iliyoharibika ilivunjika kwa ajali.

Kazi ikikamilika, mwenye gari achukue plagi za zamani ndani ya boksi la mpya. Hizo ni ushahidi kwamba zote zilibadilishwa, na zikitunzwa kwa utaratibu wa silinda zitamsaidia fundi mwingine iwapo tatizo litajirudia. Tarehe, kilomita na namba ya plagi zilizofungwa viandikwe kwenye karatasi ya gundi na kubandikwa ndani ya boneti, mahali pasipofikiwa na joto la injini.